Gauni la kijani, mstari wa 14

Haya jamani, nimekabidhi projekti. Leo saa nane mchana, dakika kumi kabla ya muda kufungwa, alafu nikarudi chumbani nikajitupa kitandani na viatu vyangu mguuni, nikaamka giza limeshaingia. Sasa usingizi umekata kabisa ndo maana naandika, maana wiki sita zote hizi sijaandika kitu humu zaidi ya namba kwenye Excel.

Kwa wasiojua, mwaka huu kila mtu darasani kwetu alipewa kuchagua kazi moja ya fasheni ambayo si udizaina, aichunguze kama vile ataifanya kesho asubuhi. Wenzangu wengi wamekimbilia stailingi na kupiga picha. Mimi nikachagua ununuzi, yaani yule mtu anayekaa nyuma ya duka la nguo la rejareja na kuamua msimu ujao duka litauza nini, pisi ngapi, rangi gani, kwa bei gani. Darasani wanamuita "baya" kwa Kiingereza chetu cha haraka haraka, na nilipomwambia mama kwa simu kwamba nataka kuwa baya akanyamaza kidogo akaniuliza, mwanangu, ada yote hiyo ili uwe mbaya? Basi tangu siku hiyo nasema mnunuzi.

Niseme ukweli kwa nini niliichagua. Nilidhani ni kazi ya kufanya shopping kwa hela ya mtu mwingine. Nilishajiona niko mstari wa mbele kwenye maonyesho, miwani nyeusi, nanyoosha kidole, hiki, na hiki, hicho hapana. Na jicho la nguo ninalo, hilo sitajifanya mnyenyekevu, marafiki zangu hawanunui hata mkanda bila kunitumia picha kwanza.

Projekti ilikuwa hivi: unapewa duka la kufikirika, bajeti ya miezi sita, mitindo 20 ya nguo za kike uchague mwenyewe kutoka kwenye katalogi za viwanda, alafu uitetee mbele ya darasa. Mstari wa 14 kwenye shiti yangu ulikuwa gauni la satini la kijani kibichi, mikono imejaa kama puto, kiuno kimekazwa, na mgongoni vifungo vidogo vidogo 11 vya kufunikwa kwa kitambaa. Nililipenda hilo gauni jamani. Nikaliwekea pisi 60 bila hata kufikiri mara mbili.

Siku ya kutetea mara ya kwanza lekchara hakugusa nguo nyingine yoyote, akaenda moja kwa moja mstari wa 14. Akauliza, hili nani ananunua? Nikasema, mimi hapo nikiliona nalichukua. Akasema sawa, na kama wewe mko wangapi?

Darasa likacheka. Mimi pia nilicheka, ila kile kicheko cha kuficha aibu.

Na hata hiyo haikuwa aibu kubwa. Aibu kubwa ilikuwa kwenye bei. Tuliambiwa kila nguo iache faida ya asilimia 60, nami nikachukua bei ya kununulia, tuseme 50, nikaongeza asilimia 60 juu yake nikapata 80, nikaona kazi imeisha. Kumbe faida ya dukani inahesabiwa kwenye bei ya kuuzia, si ya kununulia! Ukinunua kwa 50 ukauza kwa 80 umebaki na 30, na 30 kwenye 80 ni asilimia 37.5 tu. Ili upate 60 inabidi ugawe 50 kwa 0.4, unapata 125. Yaani mitindo yote 20 ilikuwa na bei ya uongo na duka langu la kufikirika lingefilisika kabla sijakata utepe wa kufungua. Nimeandika hapa kwa makusudi, mtu mwingine asije akaumbuka kama mimi.

Baada ya hapo nikaomba kwenda fildi siku tatu kwa dada mmoja ambaye ndo mnunuzi wa kweli kwenye duka la kweli. Alinikubalia kwa sharti nisipige picha na nisilitaje duka, kwa hiyo sitalitaja. Nilivaa vizuri siku ya kwanza, kiatu kirefu na kila kitu. Akanitazama kutoka chini kwenda juu akaniambia, mdogo wangu, leo tunahesabu.

Tukahesabu kweli. Akanipeleka kwenye chuma cha magauni, na bahati yangu mbaya au nzuri kulikuwa na gauni la kijani pale pia, si lile langu ila ndugu yake. Akafungua tarakilishi akanionyesha: zimeingia 24, zimeuzwa 9, wiki ya tano. Asilimia 37.5 (namba hiyo inanifuata maishani nadhani). Akaniuliza, ungefanyaje? Nikajibu kama mtaalamu, nguo imegoma, nitaipunguza bei iondoke. Akasema haya, hesabu kilichobaki.

Nikaanza kusogeza hanga moja moja. XS 4. S 4. XL 3. XXL 4. Nikarudia nikidhani nimeruka. Hakuna M hata moja, hakuna L hata moja. Akanieleza kwamba M na L zote ziliisha ndani ya siku kumi za kwanza, na kila Jumamosi kuna mtu anashika lile gauni, anageuza lebo ya shingoni, anaangalia, analirudisha. Kiwanda kilipaki pisi nne nne kila saizi kwa sababu ndo rahisi kwao, na aliyeweka oda (yeye mwenyewe, alikiri bila kuzungusha) alikubali kwa sababu siku hiyo alikuwa na haraka. Gauni halikugoma. Waliolitaka hawakukuta saizi yao, na kompyuta haijui tofauti ya hayo mawili, inasema tu 37.5.

Sijui niwaelezeje nilivyojisikia pale. Mimi nimesoma rangi, nimesoma mikato, nimesoma historia ya koseti mpaka nikachoka, na hakuna siku nimekaa nikafikiria kwamba nguo moja ni nguo sita, na kila moja ina watu wake, na ukikosea mgao umeua nguo nzuri kwa mkono wako. Nikaanza kuwaangalia wateja wanaogeuza lebo. Ni sekunde mbili tu, macho yanashuka shingoni, midomo inabana kidogo, hanga inarudi. Ukishaiona mara moja utaiona siku nzima.

Siku ya pili ilikuwa ya bajeti na hapo nitapita haraka maana hata mimi nilisinzia. Ila kuna hesabu moja nimeipenda, ni ya kujua mwezi huu bado una ruhusa ya kununua kiasi gani. Unachukua mauzo unayotegemea, unajumlisha punguzo unazopanga kutoa, unajumlisha stoki unayotaka ibaki mwisho wa mwezi, alafu unatoa stoki uliyonayo sasa na oda zilizo njiani. Mfano mauzo 400, punguzo 50, stoki ya mwisho 600, jumla 1,050. Toa 700 zilizopo, toa 200 zinazokuja, umebaki na 150. Hiyo 150 ndo uhuru wako wote mwezi mzima, na ukiimaliza wiki ya kwanza kwa kitu kizuri ulichokiona, kikija kizuri zaidi wiki ya tatu unakiangalia tu kikipita. Yule dada huwa anaacha kiasi pembeni makusudi, anakiita hela ya majuto.

Kitu kingine ambacho sikukijua ni kwamba mnunuzi anaishi mwaka mwingine kabisa. Yale maonyesho makubwa ya Septemba, New York, London, Milan na Paris, nguo zinazopita pale ni za msimu wa joto wa mwaka unaofuata, na oda zinawekwa palepale siku chache baadaye kwenye vyumba vya maonyesho, ukiwa umevaa sweta huku unachagua vinguo vya jua. Na hata kwa duka la kawaida linaloagiza kiwandani, kuna kuchagua kitambaa, kuna kipande cha majaribio ya rangi, kuna sampo ya kwanza, kuipima kwenye mwili, kuirudisha, sampo ya pili, ndo kushona zote, ndo meli. Miezi inakatika. Kwa hiyo swali si unapenda nini leo, ni watu watataka nini wakati ambao wao wenyewe hawaujui bado. Na hukumu yako ikikosea haisahauliki, inaning'inia palepale dukani na kibandiko chekundu cha punguzo, kila asubuhi unaipita ukienda kufungua ofisi.

Kwenye sehemu ya historia niliandika habari ya Joan Burstein, mama wa duka la Browns pale London. Mwaka 1984 alikwenda kuangalia maonyesho ya wanafunzi wanaohitimu chuo cha sanaa cha Saint Martin's, akaona kazi ya kijana mmoja aliyeitwa John Galliano, ambaye baadaye alikuja kuwa dizaina maarufu, nguo zenye mambo ya Mapinduzi ya Ufaransa, akazinunua zote. Zote! Akaziweka dirishani mwa duka. Nikaitumia kuutetea mstari wa 14, kwamba si mnaona, huyu alifuata moyo wake. Lekchara akanirudishia ukurasa na swali moja: alikuwa ameshafanya kazi ya kuuza nguo miaka mingapi kabla ya siku hiyo? Nikaenda kusoma. Browns alikuwa nayo tangu 1970, na kabla ya hapo yeye na mumewe walishakuwa na maduka mengine. Kwa hiyo moyo alioufuata ulikuwa umeshageuza lebo nyingi sana. Nilikasirika kidogo kwamba ana pointi.

Siku ya tatu ndo ninayoiwaza zaidi na ndo siku ambayo kwenye ripoti niliipa nusu ukurasa tu maana nilishindwa kuiandika. Dada alikuwa kwenye simu na kiwanda. Anataka kubadilisha rangi ya blauzi moja, kutoka krimu kwenda nyeupe kabisa, na tarehe ya kupokea mzigo ibaki ileile. Upande wa pili kukawa kimya, alafu mtu akasema sawa, tutajaribu. Akakata simu akaniambia, ile sawa umeisikia? Ile ina maana kuna watu watalala kiwandani.

Akasema kabisa kwamba hapendi lakini bosi wake naye ana bosi wake. Nilienda nyumbani nikasoma upya kuhusu Rana Plaza, lile jengo la Bangladesh lililoanguka tarehe 24 Aprili 2013, watu zaidi ya 1,100 wakafa. Siku moja kabla nyufa zilionekana, benki na maduka yaliyokuwa humo yakafunga, wafanyakazi wa viwanda vya nguo wakaambiwa warudi kazini. Darasani tulifundishwa kama somo la wajenzi wabaya na wenye viwanda wabaya, na ni kweli walikuwa wabaya. Ila safari hii nilisoma nikiwa na ile "sawa, tutajaribu" masikioni. Kwa sababu mwisho wa kila oda yenye haraka kuna mtu mezani, ana kahawa, ana shiti kama yangu, amebadilisha krimu kuwa nyeupe. Huyo mtu ndo kazi niliyochagua. Sijasema mnunuzi ndo aliangusha jengo, nisieleweke vibaya, nasema tu kwamba sikuwahi kumuona kwenye picha na sasa namuona.

Mnaniuliza nitaifanya hii kazi? Wiki ya pili ningesema hapana, namba zimenitoa roho. Leo sijui bana, kuna kitu kimenishika. Nimeanza kuingia madukani nikihesabu saizi kwenye hanga, rafiki yangu kanikimbia juzi, kasema kutembea na mimi ni kama kutembea na mkaguzi. Nikiona nguo nzuri siwazi tena nitaivaa wapi, nawaza nani amekosa M.

Toleo la mwisho nililokabidhi leo lina mitindo 18, mbili nimezitoa. Bei zote nimezipiga upya. Krimu na nyeupe nimeamua mapema na nikaandika tarehe ya mwisho ya kubadili mawazo, nikaiwekea rangi nyekundu ili nisijidanganye.

Gauni la kijani sikulitoa. Nimelishusha kutoka pisi 60 hadi 12, S mbili, M nne, L nne, XL mbili, bei 125. Kwenye rasimu ya wiki iliyopita lekchara aliandika pembeni ya mstari huo kwa kalamu, "kwa nini bado lipo?" Kuna kisanduku cha maelezo cha kujibu. Nimejibu visanduku vingine vyote, hicho nimekiacha wazi.