Kompyuta kuukuu za maktaba zilivyowaka bila diski

Stoo ya maktaba yetu hapa Mtwara ilijaa kompyuta kuukuu, nyingi diski zimekufa. Nilizitoa diski kabisa, nikaweka LTSP, programu ya Linux ya kuwasha kompyuta zisizo na diski, kwenye mashine moja yenye nguvu (seva) ili zingine ziwake kwa kebo ya mtandao. Kwenye BIOS, yaani mipangilio ya mwanzo ya kompyuta, unaruhusu PXE, njia ya kuwaka kupitia mtandao. Zikagoma: zinapata anwani ya IP, kisha kimya. Kumbe mgawaji wa anwani ni ruta, nayo haijui faili la kuwashia liko wapi. Ruta sikuigusa. Kwenye seva niliweka dnsmasq, programu ndogo ya huduma za mtandao, katika hali ya proksi: ruta igawe anwani, dnsmasq ielekeze kwenye faili. Zikawaka! Zilizobaki zikilia pii-pii bila picha nilizisugua meno ya RAM (kadi ya kumbukumbu) kwa ufutio wa penseli. Chumvi ya bahari hii haina huruma. Wi-Fi usijisumbue nayo, vuta kebo.