Kasia la mjomba

Juzi kijiweni hapa Kirumba, Mwanza, tumebishana mpaka chai ikapoa, eti mtu akikuvamia una haki ya kumfanya nini. Kila mtu mwanasheria. Jamaa mmoja akasema mwizi hana haki yoyote, ukimdaka we malizana naye tu. Mi nikabaki namkumbuka mjomba angu.

Mjomba ni mvuvi wa dagaa kule Igombe, na kipindi kile mashine za boti zilikuwa zinaibiwa hatari, mtu unalala mulemule kwenye mtumbwi. Siku hiyo kama saa kumi na mbili alfajiri akasikia spana inagonga chuma, kuinuka anamkuta jamaa keshalegeza nati mbili, na badala ya kukimbia akamgeukia na panga. Mjomba alikuwa na kasia tu. Akalishusha mara moja, begani, panga likazama, jamaa akakaa majini.

Mpaka hapo kisheria mjomba hana shida. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, kifungu cha 18A kinakupa haki ya kujitetea mwenyewe, kumtetea mtu mwingine na hata kutetea mali, af 18B inakuja kushika breki, nguvu utumie ile inayohitajika tu, ukizidisha kosa ni lako, na ukizidisha ukaua ni kuua bila kukusudia, kifungo chake kinaweza kufika maisha. 18C ndo inaenda mbali zaidi, inakubali hata kuua, ila uwe umeamini kweli na kwa sababu za maana kwamba hapo bila hivo mtu anakufa au anaumizwa vibaya, au ni unyang'anyi, kubaka, vitu vya namna hiyo. Panga likiwa hewani sawa. Likishazama je?

Maana tayari mtu alishapiga ukelele wa "mwiziii" na mwalo mzima, pale wavuvi wanapoegesha mitumbwi, ukashuka na marungu. Hao hawakuona panga, wamekuta mtu kakaa majini kashika bega, wakaanza naye. Wanajitetea na nini sasa? Mi naita hasira, na naielewa, mashine ndo ada ya watoto, lakini kujitetea sio.

Kuna mahali kwenye Kutoka 22, mwizi akikutwa anavunja usiku akapigwa akafa, aliyempiga hana hatia ya damu, ila jua likiwa limeshachomoza anayo. Zamani nilikuwa naona ni kasheria ka ajabu, siku hizi nakaelewa: gizani hujui kashika nini wala yuko na nani, mchana unamwona na unaweza kumkamata.

Mjomba anasema kulikuwa kunapambazuka, anaziona sura za majirani zake moja moja, na kasia lile lile akawa anawasukuma nalo, yule aliyetaka kumkata yuko nyuma yake. Kumtetea mtu mwingine, 18A hiyo hiyo, na mwizi naye ni mtu mwingine. Kijiweni niliposema hivo walicheka.

Polisi walipokuja jamaa akaandikiwa PF3, ile fomu ya polisi, akatibiwe, mjomba akatoa maelezo, wakamuuliza ulimpiga mara ngapi, akasema mara moja. Akarudi mwaloni kukaza nati zake. Karibu wiki nzima hakuna aliyemsaidia kusukuma mtumbwi.