Nilivyokamatwa na Taka za Watu Jambiani

Skuta niliyoikodi Paje kwa shilingi 30,000 kwa siku ilinizimikia kwenye njia ya mawe nyuma ya Jambiani, jua linazama. Mwenye skuta aliniapia kwamba tangi limejaa. Nilipofungua kifuniko nikakuta harufu tu.

Siku mbili za kwanza Unguja sina cha kusimulia. Boti kutoka Dar ilitikisa watu mpaka wakatapika, feni ya chumbani ilipiga kelele kuliko msikiti, na pweza wa nazi aliuzwa bei ambayo sitamwambia mke wangu. Basi nilikuwa nimesimama pale na helmeti mkononi, ikaja keri, kigari cha mizigo. Sisi bara tunaiita kirikuu. Haikuwasha taa. Dereva akashusha kioo.

"Vipi kaka, mafuta?"

"Mafuta."

"Nisaidie kushusha hii mizigo, nikupakie wewe na skuta yako mpaka barabarani."

Nikasaidia. Mifuko myeusi, mizito, inavuja maji yenye shombo. Palikuwa na shimo, la kuchimbia mawe ya kujengea zamani, na ndani yake mlishajaa taka nyingine, nikaona ndilo jaa la kijiji. Tulikuwa tumeshusha minne tochi zilipowaka vichakani. Sijawahi kuona keri ikiondoka namna ile, mlango wa nyuma unapigapiga. Nikabaki mimi na mfuko wa tano, nimeukumbatia.

"Ndo wewe unotutupia mitaka?" Bi mkubwa mmoja, kanga kaifunga kiunoni, ndiye aliyenifikia kwanza. Nyuma yake vijana wanne.

"Shikamoo bibi. Mimi mgeni."

"Marahaba. Mgeni na mfuko?"

Nilijieleza mpaka koo likakauka. Kumbe walikuwa wakilala mawindo usiku wa tatu huo. Sheha, kiongozi wa pale, akaja na baiskeli, mtu mpole, hata hakuniangalia sana. Alichotaka ni mifuko. Akateremka shimoni, akaipasua kwa kisu mmoja mmoja, kijana akimmulikia: vichupa vidogo vya shampuu, maganda ya kamba, nepi, vikopo vya kahawa vya saizi ya kidole gumba, taulo lililoungua pasi. Kwenye mfuko wa tatu akatoa karatasi iliyoloa maji ya papai. Orodha ya chai ya asubuhi: namba za vyumba, nani anataka mayai ya namna gani, na juu yake nembo ya hoteli. Akaikung'uta, akaikunja taratibu, akaitia ndani ya kofia yake.

"Dereva atakana," alisema. "Hoteli itaikana karatasi yake?"

Jaa rasmi liko Kibele, mwendo mrefu kutoka pwani hii. Hoteli inamlipa mtu mwenye keri aondoe taka, yeye anapiga hesabu ya petroli, anaona maweni yako karibu zaidi. Hoteli haiulizi zimefika wapi. Mifuko ya plastiki Zanzibar ilipigwa marufuku tangu 2006, sisi bara tukafuata 2019, lakini ile myeusi niliyoishika ilikuwa mipya kabisa.

Bi mkubwa akaniokotea jiwe. "Lishike. Tundu tupu." Kweli, jiwe la matumbawe limejaa vitundu. Akaninyooshea kidole upande wa minazi, kisima chao kiko huko, na mvua ikinyesha maji ya shimoni yanashuka yote kwenye mawe hayo. Yeye analima mwani. Maji yakitoka anakuta nepi zimenasa kwenye kamba zake, anazitoa kwa mkono kabla ya kuvuna.

Adhabu yangu ilikuwa kuteremka shimoni na kuitoa ile minne. Nikaitoa. Suruali niliiacha Jambiani. Kijana mmoja akaniletea petroli kwenye chupa ya maji, akataka 10,000. Nililalamika, wote wakacheka, nikalipa.

Kwenye boti ya kurudi nilikuwa nawaza Tabata. Mvua kubwa ikianza, mtaani kwetu majirani wanatoka na ndoo za taka, wanamimina mtaroni, maji yazipeleke mto Msimbazi. Mimi simimini. Mimi ni mstaarabu, ninamlipa kijana wa mkokoteni buku kwa mfuko.

Jumapili akapita. Nikampa mfuko na buku lake, nikamwuliza anapeleka wapi.

"Mbele huko, braza."

"Jaa la jiji, Pugu Kinyamwezi?"

Akanitazama, akatazama tairi za mkokoteni wake, akacheka mpaka akaegemea geti langu.