Atatembea akipata cheti

Wiki hii wifi mkubwa kajifungua pacha huko Mombasa, Baba Shee karudi kutoka Kiunga na homa, na mtihani wa katikati ya muhula umepita, alhamdulillahi. Lakini mimi niko bado Jumatatu, mlangoni pa jikoni, na maneno ya mamkwe.

Shee wangu ana miezi 14 na hatembei. Anatambaa mbio, anashika ukuta, anasimama, kisha anaketi kitako kama mzee wa baraza. Mamkwe alikuwa anapeta mchele. Hata kichwa hakuinua: "Huyu kafuata kwenu. Nyumba ya walimu. Atatembea akipata cheti."

Jikoni kote wakacheka, mpaka yule kijana aliyeleta samaki. Mimi nikasema, "Inshallah, mama." Basi. Inshallah! Tangu hapo nimeshamjibu mara chungu nzima, nikifua, nikisahihisha madaftari, hata nikisali, Mungu anisamehe. Majibu mengine hayaandikiki hapa.

Na kama kunikomoa, Jumanne kwenye darasa ninalosoma mimi mwenyewe, somo likawa urithi na mazingira. Kumbe wataalamu walishaacha kugombania kipi kinamkuza mtoto, wanatazama vinavyoshikana. Na mwili nao una wakati wake wa kupevuka: kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, watoto wenye afya huanza kutembea wenyewe popote kati ya miezi 8 na 18 hivi. Hapo nikapiga mstari, nikapiga tena. Nilitamani kuuchana ukurasa nikaubandike juu ya jiko la mamkwe.

Kisha tukaletewa habari za Charles Super, Mmarekani aliyefanya utafiti kwa Wakipsigis wa Kokwet, humuhumu Kenya, miaka ya 1970. Watoto wa kule walikaa na kutembea mapema kuliko wa Marekani, na wapo waliokuwa wakisema ni maumbile ya Mwafrika. Super akatazama mama zao wanafanya nini. Wanawafunza! Mtoto anachimbiwa kishimo, anakalishwa humo, kingo zinamshika mgongo. Kutambaa, ambako hawakufunzwa, hawakuwa mbele ya mtu.

Nikafikiria nyumba yetu. Ngazi za mawe zimesimama wima, mtoto akishuka anabebwa, akipanda anabebwa, akilia ndiyo kabisa, anapokezanwa na nusu ya mtaa. Miguu itafanya kazi saa ngapi?

Alhamisi nikatoka kazini mapema. Kufika tu nasikia vicheko kiwandani, ule ua wa ndani ya nyumba. Mamkwe yuko mkekani, buibui kalitupa kando, kamshika Shee vidole: "Simama dede! Simama dede!" Anamwachia, Shee anayumba, anamwangukia kifuani, wanaanza upya. Jirani akaninong'oneza kuwa ndiyo kazi yao kila baada ya Alasiri, mimi nikiwa sipo. Mdomo unalaumu damu ya kwetu, mikono inamfunza mtoto! Nilicheka peke yangu pale ngazini mpaka nikaketi. Hasira imetoka nusu. Nusu nimeiweka, huenda nikaihitaji.

Sasa kinachoninyima usingizi ni kisima. Tangu juzi chai ina chumvi, wageni wa Maulidi ndio hao wanaanza kuingia, na Baba Shee anasema ni homa yake imenihamia ulimini. Nimeonja tena sasa hivi. Ni chumvi.