Mikuki ya kandambili

Mazoezi ya tatu ya igizo letu la Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa Old Moshi aliyepigana na Wajerumani, kijana mmoja alikuja na sime ya babu yake. "Usijali mwalimu, ni butu hii." Ilikuwa butu kweli, ila kwenye purukushani ikampiga mwenzake kifundo cha mkono, pakavimba kama ndimu, tukakimbilia zahanati. Iliniuma sana, maana mama yake alinikabidhi mwanawe mkononi. Toka siku hiyo, chuma hakipandi jukwaani kwangu.

Kilichotuokoa ni kandambili chakavu. Unachora chembe ya mkuki kwenye soli, unakata kwa wembe, unabandika soli mbili kwa gundi ya fundi viatu, unapaka rangi ya fedha. Mpini ni mwanzi, na hapa kuwa makini: mwanzi uishie shingoni mwa chembe, usifike nchani. Mkuki ukimgusa mtu unajikunja wenyewe.

Bunduki za Wajerumani tulichonga kwa mbao za mti wa grevilea, mtutu hauna hata tundu. Mlio ni mbao mbili zilizoungwa kwa bawaba, zinagongwa nyuma ya pazia. Kuna aliyetaka tuazime bunduki ya mlinzi isiyo na risasi. Nilikataa katakata. Mwaka 1993 Brandon Lee aliuawa akiigiza filamu Marekani, kwa bastola iliyopakiwa risasi baridi. Kumbe kipande cha risasi kilikuwa kimekwama mtutuni. Nao wale walikuwa na mafundi wa kulipwa!

Hata mkuki wa kandambili unatoboa jicho, kwa hiyo muda mwingi tuliutumia kwenye hatua. Anayechoma anaelekeza mkuki pembeni ya ubavu ambao watazamaji hawauoni, na haanzi mpaka macho yake na ya anayechomwa yakutane. Anayechomwa ndiye anayemalizia: anajikunja, anapiga yowe. Wiki mbili nzima tulipigana polepole, kama watu waliozama majini.

Kunyongwa kwa Mangi, Machi 2, 1900, hatukugusa kamba kabisa. Kitanzi hakivalishwi shingoni mwa mtoto wa mtu, hata kwa mazoezi. Ngoma ilinyamaza, taa zikazimwa. Zilipowaka, joho lake lilikuwa chini, peke yake. Wazee wa Old Moshi walisimama, wakavua kofia.

Usiku ule, kabla mtu hajagusa chakula, nikahesabu kama kila siku: mikuki 12, sime 4, bunduki 5. Nikafunga sanduku kwa kufuli.