Kukompailia Raspberry Pi kwenye laptopu
Mnaojenga programu ya C kwenye laptopu ya Intel hapa Kisumu halafu mnaipeleka kwa Raspberry Pi (kompyuta ndogo yenye prosesa ya ARM) ya mtambo wa maji kule Ahero: ukiona "Exec format error", programu imejengewa prosesa nyingine. Ikague kwa amri ya `file`. Ikisema x86-64, yaani prosesa ya Intel, basi CMake (zana inayosimamia ujenzi wa programu) imetumia kompaila ya laptopu.

Andika faili ndogo, pi.cmake: CMAKE_SYSTEM_NAME iwe Linux, CMAKE_SYSTEM_PROCESSOR iwe aarch64 (ARM ya biti 64), CMAKE_C_COMPILER iwe aarch64-linux-gnu-gcc. Iite kwa -DCMAKE_TOOLCHAIN_FILE=pi.cmake, ila futa folda ya build kwanza. CMakeCache.txt haisahau kompaila ya awali, na hapo ndipo wengi hupoteza jioni nzima.

Ukitaka kujua Pi ni ya biti ngapi, usiiamini `uname -m` peke yake; hiyo huonyesha kernel tu, yaani kiini cha mfumo. Pi yaweza kuwa na kernel ya biti 64 huku programu zake zote ni za biti 32. Kwenye Pi, uliza `dpkg --print-architecture`. Ikijibu armhf (ARM ya biti 32), kompaila yako ni arm-linux-gnueabihf-gcc.

Msumbufu mkubwa ni glibc, maktaba ya msingi ya C ambayo programu huitegemea inapoendeshwa. Laptopu yenye Ubuntu 22.04 ina toleo la 2.35, Pi yenye Debian 11 ina 2.31. Kila kitu kitajengeka kimya, kisha Pi yenye Debian 11 ikujibu "GLIBC_2.34 not found". Glibc mpya huendesha programu ya zamani, si kinyume. Jengea ndani ya kontena (mfumo uliotengwa ndani ya laptopu, mfano wa Docker) ya Debian 11, usakinishe gcc-aarch64-linux-gnu pamoja na libc6-dev-arm64-cross. Ukiiacha hii ya pili ili kuokoa bando, hata stdio.h haitapatikana.