Kabla ya Kuripoti Chuo cha Wakufunzi wa Kwata

Jina langu limo katika orodha ya wanaokwenda chuo cha wakufunzi wa kwata, yaani mazoezi ya askari ya kusimama, kugeuka na kutembea kwa pamoja kwa amri, na tangu taarifa hiyo itoke wenzangu kikosini wamekuwa wakinipa ushauri wa aina moja: kimbia zaidi, piga pasi sare zaidi, ng'arisha buti. Ushauri huo ni wa kweli na ninaufuata, lakini kadiri ninavyojiandaa ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba haujagusa kiini cha jambo. Anayeteuliwa kwenda chuo kile tayari anajua kupiga kwata. Kinachotafutwa ni mtu anayeweza kumpokea kuruta, yaani askari mpya anayeanza mafunzo, ambaye hajawahi kusimama mguu sawa maishani mwake, akamfikisha mahali anaposimama hivyo bila kujiuliza, na akalifanya hilo pasipo kumdhalilisha. Hiyo ni kazi ya mwalimu, na maandalizi ya mwalimu si yale ya mwanafunzi.

Askari mwenye miaka kadhaa kazini anaijua kwata kwa mwili wake, na huo ndio ugumu wenyewe, kwa sababu mwili unaojua hauna haja ya maneno. Mwenzangu mmoja, ambaye ni mdogo kwangu kwa cheo, amekubali kuwa kuruta wangu nyakati za jioni kwa sharti moja tu: afanye kile ninachokitamka, si kile anachokijua. Nikisema "nyoosha mikono" bila kueleza kwamba inyooke kuelekea chini ubavuni, anainyoosha mbele. Nikisema "bana visigino" bila kutaja pembe ya nyayo, anabana na vidole pia. Zoezi hili limenifanya nikitazame upya kitendo ambacho kila askari anakiona chepesi kuliko vyote, kusimama mguu sawa. Visigino vinagusana, nyayo zinaachana kwa pembe iliyowekwa, ambayo katika jeshi la Marekani ni digrii 45 na katika jeshi la Uingereza ni digrii 30, uzito unagawanyika sawa kwenye miguu yote miwili, vidole vya mikono vimekunjwa na dole gumba linafuata mshono wa suruali, kidevu hakiinuki wala hakizami, macho yanatazama mbele na kubaki huko. Kila kipengele kinahitaji sentensi yake, na sentensi hizo zina mpangilio, kwa kuwa kuruta hujengwa kuanzia chini kwenda juu.

Magoti nayataja peke yake, maana yanahusu usalama. Yananyooka, lakini hayakazwi kabisa. Askari anaposimama muda mrefu juani bila misuli ya miguu kufanya kazi, damu hutuama miguuni, inayorudi kwenye moyo hupungua, ubongo hukosa damu ya kutosha na mtu huanguka kifudifudi uwanjani. Mkufunzi anayeijua sababu hiyo humfundisha kuruta kuchezesha vidole vya miguu ndani ya buti na kukaza na kulegeza misuli ya mapaja bila mtu mwingine kuona. Asiyeijua husema tu kwamba kuruta ni dhaifu. Kwangu mimi, tofauti kati ya wakufunzi hao wawili inatosha kuonyesha kwa nini chuo hiki kipo.

Sehemu kubwa ya muda wangu inakwenda kwenye kitabu cha kwata. Katika jeshi la Marekani, wanaosomea kazi hii hutakiwa kuyakariri maelezo ya vitendo neno kwa neno na kuyatoa kwa sauti mbele ya wakufunzi wao huku wakionyesha kitendo chenyewe. Wapo wanaoona ukariri wa namna hiyo ni adhabu isiyo na maana. Mimi naona una maana kubwa, kwa sababu kuruta mmoja hufundishwa na wakufunzi kadhaa, na kila mmoja akitumia maneno yake mwenyewe kuruta huchanganyikiwa na kuanza kubahatisha nani ni sahihi. Kwa hiyo nakariri nikiwa nimesimama, nikitembea na nikifanya kitendo ninachokitaja, kwani maelezo yaliyokaririwa kitini huyeyuka mara mwili unapoanza kusogea. Utaratibu wa kueleza, kuonyesha, kisha kuwaacha wafanye, nao unahitaji mazoezi. Lazima nijue nisimame upande gani ili mtu wa mwisho wa mstari aone kisigino changu, na nikivunje kitendo vipande kwa hesabu bila kukiharibu.

Amri ina sehemu mbili, na kati yake kuna kituo. Ya kwanza ni tahadhari, inayowaambia askari kinachokuja. Ya pili ni ya utekelezaji, inayowatikisa wote kwa pamoja. "Nyuma..." inavutwa, inapanda, inawapa muda wa kufikiri, "geuka!" inakatwa fupi na kali. Kituo kikiwa kifupi mno, nusu ya platuni, yaani kundi la askari ninaloliamuru, inachelewa. Kikirefuka mno, wenye wasiwasi wanatangulia. Kikosi kinapokuwa kwenye mwendo jambo linakuwa gumu zaidi, kwa sababu neno la utekelezaji lazima liangukie mguu unaotakiwa. Utaratibu wa Marekani unataka amri ya kugeukia kulia itolewe mguu wa kulia unapogusa ardhi, na ya kushoto vivyo hivyo kwa mguu wa kushoto. Majeshi mengine yana taratibu zao, na mkufunzi hufuata za jeshi lake bila kuchanganya. Mwendo wa kawaida wa Marekani ni hatua 120 kwa dakika, kila hatua ikiwa inchi 30, yaani takriban sentimita 76. Nimeweka kwenye simu programu ya kupiga mapigo, nikaipanga kwenye 120, na ninatembea nayo huku nikitoa amri kwa kikosi kisichoonekana mpaka ulimi na mguu vielewane.

Sauti ndiyo inayonitia hofu ya kweli. Wakufunzi wengi huikausha katika majuma ya mwanzo kwa sababu wanapiga kelele kutoka kooni. Sauti ya amri huanzia chini, kwenye msuli wa kiwambo ulio chini ya mapafu: tumbo linatoka unapovuta pumzi, koo linabaki wazi, na nguvu inatoka kwenye hewa inayosukumwa, si kwenye shingo iliyokazwa. Ukiona mishipa ya shingo imesimama, ujue nyuzi za sauti zinagongana kwa nguvu, na zikifanyiwa hivyo kila siku huota vinundu ambavyo vinaweza kuifanya sauti iwe ya mikwaruzo kwa muda mrefu. Ninakunywa maji siku nzima badala ya kusubiri kiu, naanza kwa kuvuma polepole kabla ya kupaza, na sauti ikichoka ninanyamaza kabisa, maana hata kunong'ona kwa nguvu kunaichosha. Kipimo changu ni mtu aliyesimama upande wa pili wa uwanja: sitaki aniambie kama amenisikia, nataka aniambie ni neno gani nililosema. Amri inayosikika bila kueleweka haina faida kwa askari aliye mstari wa nyuma.

Jicho nalo hufunzwa. Naangalia gwaride la wengine nikijilazimisha kutaja kosa, sehemu ya mwili na dawa yake: mkono wa kushoto unapinda kwenye kiwiko, unyooshe kuanzia begani. Anayesema "wewe, vibaya!" amemwacha kuruta palepale alipokuwa.

Kuna sehemu ya maandalizi ambayo haionekani katika orodha ya vifaa, nayo ni kufikiria mamlaka yale ni ya namna gani. Tarehe 8 Aprili 1956, katika kambi ya Parris Island inayofunza makuruta wa Kikosi cha Wanamaji wa Marekani, mkufunzi mmoja aliiongoza platuni yake usiku ndani ya mkondo wa maji wa Ribbon Creek kama njia ya kuirudisha kwenye nidhamu, na makuruta 6 wakazama. Mkufunzi yule alifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi, na usimamizi wa mafunzo ukabadilishwa, maofisa wakiwekwa karibu zaidi na wakufunzi. Nimelisoma tukio hilo zaidi ya mara moja, na jambo linalonishtua ni kwamba makuruta waliingia majini kwa sababu walikuwa wamefundishwa kutii. Utii ule ule ninaokwenda kujifunza kuujenga ndio uliowapeleka. Leo kanuni za kikosi kile zinaeleza ni wakati gani mkufunzi anaruhusiwa kumgusa kuruta, kama vile kumrekebisha mkao au kumwepusha na madhara, na wateule wa kazi ya ukufunzi katika jeshi la Marekani hupimwa pia afya ya akili kabla ya kukabidhiwa makuruta. Ninaziunga mkono kanuni hizo kwa moyo wote, na ninazisoma kwa bidii ileile ninayoisomea kwata.

Mfano wa upande wa pili ni wa zamani zaidi. Friedrich von Steuben, aliyewahi kuwa ofisa wa jeshi la Prussia, alipofika kambi ya Valley Forge mwezi Februari 1778 kulifunza jeshi la George Washington lililokuwa likipigania uhuru wa Marekani, hakujua Kiingereza cha kutosha na ilimlazimu kutumia wakalimani. Hata hivyo alichukua kikosi kidogo cha mfano, akakifundisha yeye mwenyewe uwanjani, kisha waliofundishwa wakaenda kuwafundisha wengine. Baadaye alimwandikia rafiki yake wa Ulaya kwamba askari wa Marekani hawakuridhika na amri pekee. Ilibidi kwanza waelezwe sababu, ndipo watende. Sioni kwamba kueleza sababu kulilipunguzia jeshi lile nidhamu.

Mengine nayapitia kwa haraka kwa kuwa kila askari anayajua. Nakimbia, naimarisha misuli ya tumbo na mgongo kwa ajili ya kusimama saa nyingi, na natembea na buti nitakazokwenda nazo ili malengelenge yanitoke sasa na si kule. Nimeanza kulala mapema na kuamka kabla ya kipenga, kombati zimepimwa upya, vyeti vya hospitali viko tayari, na mambo ya fedha za nyumbani yamekabidhiwa kwa mwenza wangu kwa maandishi. Naye nimemweleza waziwazi kwamba kazi ya ukufunzi baada ya kozi itachukua muda mwingi kuliko kozi yenyewe, kwa sababu makuruta huamka kabla ya jua na mkufunzi huamka kabla yao.

Kilichobaki ni kuondoa mazoea. Kila kikosi, kadiri miaka inavyopita, hujitengenezea kwata yake: hapa mkono unapandishwa juu kidogo kwenye mwendo, pale kisigino kinapigwa chini kwa kishindo kisichoandikwa popote, kwingine tahadhari inamezwa mpaka linabaki neno la pili tu. Uwanjani kwetu hakuna anayeshangaa, lakini chuoni kitabu ndicho kipimo, na mazoea hayo nikiwapa makuruta yatasambaa nao katika kila kikosi watakachopangiwa. Nimeyaorodhesha yale ya kikosi chetu pembeni ya kurasa husika za kitabu, na kila jioni ninachukua moja, nakifanya kitendo kama kilivyoandikwa, polepole kwa hesabu na kisha kwa mwendo kamili, huku mwenzangu akiwa na kitabu mkononi akinisimamisha kila ninapokengeuka. Nataka yote yawe yamenitoka mwilini kabla ya siku ya kuripoti.